Kumtafuta na Kumtambua Pita katika Vichaka vya Tanzania ya Kati

Pita wa Afrika, ambaye kwa jina la kitaalamu huitwa Pitta angolensis, ana rangi ambazo zingemfanya aonekane kutoka mbali kama angekuwa na tabia za ndege wengine. Mgongo wake ni wa kijani, tumbo ni jekundu lililokolea, na mabegani mwa mabawa ana madoa ya samawati yanayong'aa kama vipande vya kioo. Hata hivyo, huishi kama mtu anayekwepa wadai: hutembea chini, kwenye giza la kichaka, husimama kimya akisikia hatua za mtu, na husafiri usiku. Wapo watazamaji wa ndege waliokaa nchini miaka mingi bila kumwona hata mara moja, ilhali huenda amewapita juu ya mapaa ya nyumba zao kila mwaka.

Jina lake lisikupotoshe. Halikutokana na kitenzi chetu cha kupita, bali na neno la Kitelugu, lugha ya kusini mwa India, lenye maana ya ndege. Ni sadfa tu kwamba kwa Kiswahili jina hilo limemfaa kuliko alivyotarajia aliyempa.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayeishi Dodoma, Manyoni, Itigi, Mpwapwa au Kondoa, mwenye darubini ya kawaida na simu inayoweza kurekodi sauti. Pita hatafutwi kwa miguu. Anatafutwa kwa kalenda na kwa masikio, na macho huja mwisho kabisa. Mimi mwenyewe nilipoteza msimu mzima kwa kutolijua hilo, kwa kuwa nilikwenda vichakani mwishoni mwa Januari, wakati mzuri wa kutembea na mbaya kabisa wa kumsikia.

Hatua ya kwanza: panga tarehe kwa kufuata mvua

Pita wa upande wetu wa Afrika huhama ndani ya bara hili hili. Kipindi cha kiangazi hukaa katika misitu ya ukanda wa ikweta, kuanzia bonde la Kongo hadi Uganda, na wengine hufika pwani ya Kenya, ambako watu huwaona katika msitu wa Arabuko-Sokoke na kwenye magofu ya Gede. Mvua zinapokaribia hushuka kuja kuzaliana Tanzania, Malawi, Zambia, Msumbiji na Zimbabwe. Huanza kuwasili kati ya Oktoba na Desemba kutegemea mahali, na hurudi kaskazini kati ya Machi na Mei.

Tanzania ya kati ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kumalizika Aprili. Dume huita kwa bidii katika majuma machache tu ya mwanzo, akiwa bado anatafuta mwenzi na kuweka mipaka ya eneo lake. Mayai yakishatagwa hunyamaza, na kichaka kile kile kilichokuwa na madume matatu yanayojibizana huonekana kana kwamba hakijawahi kuwa na pita. Kwa hiyo usipange safari kwa tarehe ya likizo. Fuatilia mvua ya kwanza ya maana, ile inayolowesha ardhi na kuamsha kumbikumbi, kisha panga kwenda ndani ya siku kumi zinazofuata. Ikiwezekana chagua asubuhi ya mawingu baada ya usiku wa mvua, kwa maana siku kama hiyo pita huweza kuita hadi jua limepanda, badala ya kuacha mapema.

Hatua ya pili: chagua kichaka, si msitu

Neno "ndege wa msitu" huwafanya wengi wafikirie miti mirefu. Anapozaliana, pita hupenda zaidi vichaka vizito vya miti midogo inayopukutisha majani, mahali ambapo chini pana kivuli na tabaka la majani makavu. Kwa sababu hiyo, vichaka vya Itigi, vinavyoenea katika ardhi ya Manyoni na Itigi mkoani Singida, ndivyo ningeanza navyo. Ni mimea iliyosongamana yenye kimo cha mita tatu hadi tano, isiyo na nyasi nyingi chini, ambayo wakati wa kiangazi hubaki vijiti vitupu na baada ya mvua hujifunga kwa majani ndani ya siku chache. Kutoka Dodoma hadi Manyoni ni kilomita zipatazo 130 za lami, na Itigi iko mbele kidogo kwa upande wa magharibi.

Anayeishi Dodoma mjini asikate tamaa, ingawa kazi yake ni ngumu zaidi. Atafute makorongo yenye vichaka visivyokatwa pande zote mbili, miteremko ya milima ya Mpwapwa, au vichaka vilivyoota kuzunguka vichuguu vikubwa. Kipimo changu ni rahisi: chuchumaa ukingoni mwa kichaka na utazame ndani usawa wa goti. Ukiona majani makavu yamelala kwa unene wa vidole viwili na hakuna nyasi, na ng'ombe hawajapachakaza, mahali hapo panafaa kusikilizwa. Ukiona nyasi au mchanga mtupu, endelea mbele.

Vichaka hivi vinapungua kwa kukatwa mkaa na kufunguliwa mashamba, yakiwemo ya korosho, hivyo ramani ya miaka kumi iliyopita haitoshi. Kabla ya kuingia, fika ofisi ya kijiji. Iwapo eneo ni hifadhi ya msitu, ruhusa hutolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, na ndani ya mapori ya akiba kama Rungwa, Kizigo na Muhesi mwenye mamlaka ni TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kwa Wagogo, salamu ya "mbukwenyi" iliyotamkwa vizuri hufungua mazungumzo kuliko barua yenye muhuri, ingawa barua nayo uwe nayo.

Hatua ya tatu: waulize warina asali, lakini usiwaulize kuhusu ndege

Nilipowaonesha watu picha ya pita, karibu wote walitikisa kichwa. Hawakuwa wakificha; hawajawahi kumwona. Mambo yalibadilika nilipoacha picha na kuuliza kuhusu sauti. Mzee mmoja mrina asali, ambaye ameweka mizinga vichakani tangu ujana wake, alinisikiliza nikiigiza mlio huo vibaya sana, akacheka, kisha akasema: "Mwanangu, huyo ni chura. Mvua ikianza tu, kuna chura anapanda juu ya mti na kuita alfajiri." Nikamuuliza kama amewahi kumwona chura huyo. "Utamwonaje? Ukisogea, ananyamaza."

Sijawahi kupata maelezo mazuri zaidi ya pita kuliko hayo. Mlio wake ni mfupi, mzito na wa ghafla, kitu kama "prrup" au "kwoip", wenye mkwaruzo wa chura na mwisho unaopanda kidogo. Hutoka mara moja, kisha kimya cha sekunde kadhaa, kisha tena. Hauna wimbo wala vibwagizo. Anayesubiri sauti tamu ya msituni atakaa asubuhi nzima akiusikia bila kujua kwamba ndio aliokuja kuutafuta.

Jifunze mlio huo nyumbani kwa rekodi, pamoja na milio mitatu inayofanana nao. Wa kwanza ni wa vyura wenyewe, ambao huita kutoka chini au kwenye maji, mara nyingi wengi kwa pamoja, ilhali pita huita peke yake akiwa juu ya tawi. Wa pili ni wa bundi mdogo wa porini, yule mwenye vishungi viwili kama masikio, ambaye pia hutoa "prruu" moja kila baada ya sekunde chache. Huyu huita usiku kucha na hunyamaza kunapopambazuka, yaani wakati ule ule pita anapoanza, na zipo dakika kama kumi ambapo wote wawili husikika na kumchanganya hata mzoefu. Sikiliza mwanzo wa mlio: wa bundi huanza kwa ulaini na kutetemeka, wa pita hupasuka. Wa tatu ni wa ndege mdogo wa kahawia mwenye domo pana, ambaye huruka kutoka kwenye kijiti, huzunguka duara dogo hewani na kurudi pale pale huku mabawa yake yakitoa mkoromo kama wa kichezeo cha kuzungushwa. Mkoromo huo ni mrefu kuliko mlio wa pita na hauna kile kipigo cha mwanzo.

Hatua ya nne: uwe umekaa kabla ya kupambazuka

Desemba jua huchomoza Dodoma na Manyoni kwenye saa 12:15 asubuhi. Uwe umeshafika na kuketi saa 11:30 alfajiri. Kufika saa 12:00 ni kuchelewa, kwa sababu utapita kichakani kwa kelele katika dakika zile zile zenye thamani.

Jana yake jioni pita njia hiyo ukiwa na mwanga, chagua mahali pa kukaa, na uhifadhi alama ya mahali pale kwenye simu. Vichaka vya Itigi havina kilima wala mti mrefu wa kukuongoza, na mtu anaweza kupotea mita mia moja kutoka barabarani. Vaa nguo za kijani au kaki. Epuka nyeusi na buluu, kwa maana rangi hizo huwavuta mbung'o, nao ni wengi katika baadhi ya maeneo hayo. Mulika unapokanyaga na unapokalia, kwani kifutu hupenda majani makavu kama pita anavyoyapenda. Ikiwa wanakijiji wamekuambia tembo wamepita karibu, ahirisha.

Ukisikia mlio wa kwanza, usiinuke. Elekeza dira ya simu upande ulikotoka na uandike digrii. Baada ya milio mitano au sita, sogea pembeni taratibu kiasi cha hatua thelathini, si kuelekea kwa ndege bali kando, kisha uchukue upande tena. Mahali mistari miwili inapokutana ndipo alipo, na utashangaa jinsi masikio yalivyokudanganya kuhusu umbali. Dume huita katika eneo lile lile kwa siku kadhaa, hivyo hakuna haja ya kumkimbilia siku ya kwanza. Jioni rudi usikilize tena, kwa sababu wengine huita kidogo kabla ya giza. Asubuhi ya pili kaa mita ishirini hadi thelathini kutoka pale, mgongo ukiegemea shina, na utazame juu kidogo, kwenye matawi ya kati, si chini.

Hapo ndipo utakapoona jambo linalofanya usumbufu wote ustahili. Pita anayeita husimama kwenye tawi la mlalo, hujaza tumbo lake jekundu, kisha huruka wima sentimita thelathini au arobaini kama aliyekanyaga kaa la moto, hupiga mabawa mara chache, na hutua pale pale alipotoka. Mlio hutoka pamoja na mruko huo. Mara yangu ya kwanza sikuona ndege. Niliona tawi likicheza kila baada ya sekunde kadhaa katika asubuhi isiyo na upepo, na ilinichukua muda mrefu kuona kwamba kilichokuwa kikilichezesha kilikuwa na mstari mweupe juu ya jicho.

Kuhusu kumchezea sauti iliyorekodiwa ili asogee, ushauri wangu ni kuacha. Dume aliyefika jana usiku amechoka, ana siku chache za kupata mwenzi, na kila dakika anayoitumia kumtafuta mpinzani asiyekuwepo inatoka katika siku hizo.

Hatua ya tano: kumwona akila

Akishaacha kuita, pita hushuka chini na kuwa ndege mwingine kabisa. Hula mchwa, siafu, mabuu, nyungunyungu na konokono wadogo, akisimama tuli kwa muda mrefu, akiinamisha kichwa kana kwamba anasikiliza ardhi, kisha akirusha jani kwa mdomo na kudonoa. Tembea polepole katika njia ya mbuzi, hatua kumi na kusimama dakika tatu, na usikilize majani yakitupwa. Kwale na kanga huparura kwa miguu, kwa mfululizo na kwa fujo. Pita hutoa sauti ya jani moja moja, kukiwa na kimya kirefu katikati.

Ukisikia hivyo, jishushe mpaka kidevu kikaribie ardhi. Vichaka hivi vina majani mengi juu, ila sentimita hamsini za chini huwa wazi zaidi, na mtu aliyelala kifudifudi huona mita kumi na tano mahali ambapo aliyesimama haoni mita mbili.

Hatua ya sita: kuhakikisha ni yeye

Ana urefu wa sentimita 20 hivi, mwenye mwili wa duara, miguu mirefu ya waridi hafifu na mkia mfupi kiasi cha kuonekana umekatwa. Kichwa ni cheusi, chenye mstari mpana wa rangi ya krimu unaopita juu ya kila jicho hadi kisogoni. Koo ni jeupe, kifua ni cha manjano ya mchanga, na wekundu huanzia tumboni hadi chini ya mkia. Akiruka, jambo linaloonekana kwanza ni baka jeupe kwenye kila bawa jeusi. Dume na jike hufanana. Kinda aliyekwisha kuruka ana rangi zilizofifia, na tumbo lake ni la waridi kuliko jekundu.

Aliyemwona vizuri hawezi kumkosea. Makosa hutokea kwa aliyeona nusu sekunde ya kitu kilichoruka kutoka chini. Anayeshukiwa kwanza awe pugi, njiwa mdogo wa vichakani, ambaye huruka kwa kishindo kile kile, ila mabawa yake huonesha wekundu wa kutu, si baka jeupe. Wa pili ni kurumbiza, ndege mwimbaji wa vichakani, mwenye tumbo la rangi ya chungwa na mkia mrefu wa kutosha. Afrika ina spishi mbili tu za pita, na ile ya pili, yenye kifua cha kijani, ni ya misitu ya Kongo na Uganda, haitakusumbua Manyoni.

Ndege wa chini ya taa

Kwa mkazi wa Dodoma mjini, uwezekano mkubwa zaidi wa kumshika pita kwa macho hauko vichakani. Uko chini ya jengo lenye vioo na taa zinazowaka usiku kucha. Ndege wanaosafiri gizani, hasa mawingu yanapokuwa chini, huvutwa na mwanga, hupoteza mwelekeo na kugonga ukuta. Asubuhi moja ya Aprili mlinzi wa jengo moja aliniita akiwa na mfuko wa karatasi mkononi. "Kaka, njoo uone, kuna kasuku mdogo ameanguka." Ndani alikuwamo pita aliyekufa, shingo imelegea, na yale madoa ya samawati yalikuwa bado yanabadilika kila mfuko ulipoinamishwa kuelekea jua. Mlinzi yule alikuwa ameshawaokota ndege wengi mahali pale katika miaka yake ya kazi, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kwa hiyo waulize walinzi, na wafagiaji wa alfajiri kabla hawajazoa taka, kuanzia Oktoba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei. Usishangae ukioneshwa mdiria mdogo wa vichakani, ambaye naye huhama usiku na hugonga vioo. Ni mdogo zaidi, na mdomo wake mwekundu ni mrefu.

Ukimkuta pita angali hai, mweke ndani ya boksi lenye matundu na kitambaa chini, lifunge, na uliache mahali penye giza na utulivu. Usimnyweshe maji kwa nguvu wala kumlisha. Wengi hupata fahamu ndani ya saa chache. Mpeleke kwenye kichaka cha karibu jioni, mbali na taa, umfungulie boksi chini na kurudi nyuma. Aliyekufa mpige picha mgongo, tumbo na bawa likiwa limefunguliwa, ukiweka rula pembeni. Usimhifadhi nyumbani, kwa kuwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumiliki nyara, yaani mnyamapori au sehemu ya mwili wake, bila kibali. Na ukiweza kumshawishi msimamizi wa jengo azime taa za nje zisizo za lazima katika miezi hiyo, utakuwa umefanya zaidi ya kupiga picha.

Kuandika ulichokipata

Andika tarehe, saa, mahali, hali ya mawingu, siku ngapi tangu mvua ya kwanza, idadi ya madume yaliyosikika na kimo cha tawi. Rekodi mlio hata kama simu yako inatoa sauti hafifu, kwa sababu rekodi mbaya ya sekunde ishirini huaminika kuliko maelezo mazuri ya ukurasa mzima. Taarifa zipeleke kwenye Tanzania Bird Atlas au eBird, miradi inayokusanya kumbukumbu za ndege kutoka kwa watazamaji. Ukiona kiota, yaani lundo kubwa la vijiti na majani lenye kuba juu na mlango ubavuni, mara nyingi ndani ya mti wa miiba, ondoka mara moja kwa njia uliyojia, na katika taarifa yako taja kata tu bila kuonesha mahali hasa.

Siku utakayokaa hadi saa 3:00 asubuhi bila kusikia chochote, iandike pia, pamoja na mvua ilivyokuwa. Daftari langu lina kurasa nyingi za namna hiyo kuliko za pita, na ni kutokana nazo nilipogundua kwamba kila mwaka nilikuwa nikifika majuma mawili nimechelewa.